Majibu ya Avenue Kahwa

Profesa Honoré alimaliza kula ndizi yake, akafuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi ya mtihani wa mwaka jana, ndipo akamtazama Mapendo. Mapendo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango tangu saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa inakaribia saa saba.

"Mademoiselle," profesa akasema. "Bado uko?"

"Niko, Prof."

"Haya. Cadre théorique."

Mapendo akamkabidhi kurasa kumi na nane. Ilikuwa mara ya nne mwaka huo kumletea kiunzi cha nadharia, na mara zote tatu zilizopita kurasa zilirudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu miteremko ya Bukavu: kwa nini watu wanaendelea kukaa mahali ambapo kila msimu wa mvua udongo unashuka na nyumba. Alikuwa amehoji kaya mia moja na sitini za Avenue Kahwa, kule Kadutu, mahali alipozaliwa na ambako bado aliishi na wazazi wake, akiwa na miaka thelathini na mmoja na digrii mbili.

Njia za kulitazama jambo hilo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuliza watu wanaionaje hatari: imani zao, mazoea yao, ukaidi wao. Ya pili ilikuwa kuuliza ni nani aliyeitengeneza hatari yenyewe: nani alikata viwanja ndani ya korongo, nani aliviuza, nani aligonga muhuri. Ukishika ya kwanza, kitabu kizima kitawazungumzia waliojenga. Ukishika ya pili, kitawazungumzia waliouza. Mapendo aliitaka ya pili kwa moyo wake wote.

"Umerudi tena na ile ile," profesa akasema baada ya ukurasa wa tatu.

"Prof, juu nimeona papier za parcelle, hati za viwanja. Arobaini na tatu nimefanya photocopie. Sahihi iko moja tu."

"Sahihi si data. Sahihi ni kesi. Mi siko avocat." Akavuta jedwali lake kutoka chini ya rundo, akaliweka katikati ya meza. "Hii njo data. Question douze, ile ya kumi na mbili: nini ilileta hatari hii? Soma."

Mapendo alilijua jedwali hilo kama sala. "Mapenzi ya Mungu, mia moja na mbili. Ukaidi wetu wenyewe, arobaini na sita. Hakujibu, kumi na mbili."

"Na aliyeuza kiwanja?"

"Sufuri."

"Zéro, Mademoiselle. Watu wako wenyewe wamekwisha kukuchagulia nadharia, na weye unabishana nao. Niende mbele ya jury na jina ambalo hata mutu mumoja hakulitaja?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayefunga mlango wa duka. "Bourse ya masomo ni nafasi moja. Miezi kumi Ulaya, maktaba, kila kitu. Dossier inaondoka jumatatu na chapitre premier, sura ya kwanza, yenye sahihi yangu. Ulrich mwenzako amemaliza yake tangu Pasaka. Utaniletea perception du risque, vile watu wanaiona hatari, ao nitasaini ya Ulrich. Leo ni alhamisi."

Mapendo akakusanya kurasa zake. Alipofika mlangoni, profesa akamwita.

"Mademoiselle. Unitupie na maganda haya."

Akarudi, akachukua maganda ya ndizi, akatoka nayo mkononi. Pipa la taka lilikuwa mwisho wa baraza, na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza walikuwa wamesimama pale wakingojea somo lake.

*

Kufika kwao ulipaswa kupanda ngazi za magunia yaliyojazwa udongo, kisha kupita uchochoro ambamo mtu mnene angekwama. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ya matofali, ya kwanza ya matofali katika avenue nzima, na ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa ulioanzia juu ya dirisha ukashuka hadi sakafuni kama mto kwenye ramani.

Juu ya ufa huo baba yake, Mwalimu Anaclet, alikuwa amebandika vipande vya karatasi ya daftari, kila kimoja kikivuka kutoka upande mmoja wa ufa hadi mwingine, na juu ya kila kimoja ameandika tarehe kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi zote zikilala upande mmoja. Kipande kikichanika, maana yake ukuta umesogea. Hapo Mwalimu huandika chini yake tarehe ya kuchanika, kisha hubandika kingine. Miaka minne sasa. Vilikuwa vipande kumi na vinane, na kumi na vitano vimechanika.

Mapendo alikuwa amepita mbele ya vipande hivyo maelfu ya mara. Jioni hiyo alisimama akavisoma vyote, kutoka juu hadi chini.

"Unatafuta nini pale?" mama yake, Maman Godelive, akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Natafuta mapenzi ya Mungu, maman."

Mwalimu Anaclet akainua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifunga kwa waya. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti hata ndani ya nyumba. "Profesa amekataa tena?"

"Papa, nikuulize. Question douze. Nilipokuuliza weye, ulijibu nini?"

"Unajua. Uliandika."

"Ulijibu Mungu. Mutu mwenye anapima ufa kwa tarehe myaka ine, anajibu Mungu?"

Mwalimu akageuza bisibisi mkononi. Maman Godelive akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akatupa jiwe dogo alilolitoa katika maharage.

"Muambiye," akasema. "Muambiye vile ulipita mu manyumba."

"Godelive."

"Ulipita! Ku kila mulango, na koti yako, na kikofia. Mutoto hajui. Mutoto anafikiri eko na data."

Mapendo akakaa. "Papa, ulipita wapi?"

Mwalimu Anaclet akaweka redio chini polepole. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya darasani, wazi na bila haraka, sauti ya mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba alikosea.

"Mi nilikuwa mwalimu myaka trente-deux. Wakati inspecteur anakuya, haumuachiye mutoto ajibu ovyo. Unamutayarisha. Unamuambia: bakikuuliza hivi, jibu hivi. Si bongo, si kudanganya. Ni heshima. Sasa uliposema utapita na ma-fiche ya maswali, nikasema, hapa ni mutoto yangu njo eko ku examen. Nikapita mbele yako. Nikabaambia majirani: Mapendo anakuya, mumujibu muzuri, asipate haya mbele ya bakubwa wake. Na musitaje jina ya mutu."

"Juu ya nini, papa? Juu ya nini musitaje?"

"Juu ukitaja jina, kesho fiche inafika ku bureau. Na chini ya fiche kuko jina ya nani? Ya Mapendo, na numéro yake ya telefone. Nikabaambia: semeni Mungu. Mungu habawezi kumufunga."

"Fiche haikuwa examen!"

"Kila kitu yenye kuwa na maswali na namba ni examen," Mwalimu akasema.

Maman Godelive aliacha maharage. "Na mimi nilitaka kusema. Siku ile nilifungua kinywa niseme Benoît. Baba yako akanikanyaga muguu chini ya meza. Ukafikiri nacheka juu ya furaha."

Mapendo akaikumbuka siku ile. Aliikumbuka vizuri sana: yeye na kalamu yake mpya, mama yake akishika mdomo, baba akikohoa. Alikuwa ameandika pembeni ya fiche ile, kwa bidii ya mtafiti: *mhojiwa anacheka anapoulizwa kuhusu hatari.*

Sahihi ya arobaini na tatu zote ilikuwa ya Benoît. Alikuwa karani wa viwanja zamani hizo. Alikuwa pia baba yake wa ubatizo, mtu aliyemshika mikononi mbele ya padri, aliyemnunulia sare ya kwanza ya shule, na ambaye picha yake ilitundikwa sebuleni humo humo, hatua tatu kutoka kwenye ufa.

"Basi niambiye leo," Mapendo akasema. "Nina fiche hapa. Naanza upya na nyumba hii. Papa, ni nani alikuambia udongo huu ni muzuri?"

Mwalimu Anaclet aliitazama picha, akautazama ukuta, akamtazama binti yake.

"Mapendo. Ukianza upya, ni myaka ngapi?"

"Mbili. Pengine tatu."

"Na bourse?"

Mapendo akaikunja fiche.

"Basi usianze," baba yake akasema kwa upole. "Andika vile batu balisema. Balisema kwa mapendo."

*

Dominika baada ya misa Benoît akatuma gari. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwambia mlangoni mwa kanisa kwamba mtoto yuko karibu kwenda Ulaya. Hakuweza kuizuia furaha yake.

Nyumba ya Benoît ilikuwa Muhumba, chini karibu na ziwa, imekalishwa juu ya mawe yaliyopangwa vizuri kiasi kwamba hata maji ya mvua yalikuwa na mfereji wao wa saruji. Mapendo alikuwa amebeba photocopie zote arobaini na tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Njiani alikuwa amejifunza la kusema. Alilisema mara tu alipowekewa Fanta, kabla ya kuogopa.

"Parrain, sahihi hii ni yako?"

Benoît alikuwa mzee mnene mwenye pumu. Akavaa miwani, akapitia karatasi tano au sita, akazirudisha juu ya kitambaa cha meza kwa uangalifu, akihakikisha hazilowani na chupa.

"Ni yangu. Nilikuwa nasaini ishirini kwa siku. Chef analeta, mi nasaini. Ningekataa, angesaini mwingine, na mimi ningeuza makala ya kupikia ku soko." Akapumua. "Unataka kuandika hii?"

"Nataka."

"Andika, mutoto yangu. Mi siogope tena kitu, docteur ameniambia roho yangu itachoka mbele ya kesi kuanza. Lakini unisikilize. Ukiandika Benoît, watasema Benoît. Wale wa juu hawakusaini kitu. Utakuwa umemuandika mwenye alikuwa na kalamu tu."

"Papa alikuuliza kama udongo ni muzuri."

Benoît alisogeza chupa ya Fanta kando. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya sahani.

"Aliniuliza," akasema. "Nilimuambia ni muzuri. Alikuwa amekwisha kulipa."

Halafu akainuka kwa taabu, akaingia chumbani, akarudi akivuta sanduku la safari, la bluu, lenye magurudumu, bado limefungwa nailoni. "Ulaya kuko baridi. Maman Adélaïde ametia mule koti moja ya zamani yake. Si mushahara, si kitu. Parrain anapashwa kumupa mutoto valise."

Mapendo alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari kinywani. Lakini mzee alikuwa amesimama akihema, ameshikilia mpini wa sanduku kwa mikono miwili, na mkewe Adélaïde alikuwa ametokea mlangoni akitabasamu, na Mapendo alikuwa amelelewa na Mwalimu Anaclet. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili.

Gari lilimwacha chini ya mteremko. Magurudumu hayakufaa kitu kwenye ngazi za magunia. Akalipandisha sanduku kichwani, na avenue nzima ikatoka milangoni kumwona.

"Félicitations, Mapendo!"

"Ulaya inangoja!"

"Si tulikujibu muzuri?" akauliza mjane mmoja wa nyumba ya kumi na moja, Maman Bintu, akicheka na meno yake matatu. "Mi nilisahau, nikataka kusema ile ingine, nikakumbuka baba yako. Nikasema Mungu!"

"Aksanti, maman," Mapendo akasema chini ya sanduku. "Mulinijibu muzuri."

*

Jumatatu, sura aliyoitaka profesa ikiwa mkobani, alimweleza Profesa Honoré kila kitu: koti, kikofia, mlango hadi mlango. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Alitegemea kufukuzwa, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imekwisha kuutamani mwisho huo, ulio safi.

Profesa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Avenue nzima, Prof."

"Hao hawasomi. Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Sikia. Baba yako amefanya kitu ambacho vitabu vinakijua. Wahojiwa wanajibu kumpendeza anayeuliza. Iko na jina yake, iko na bibliographie. Utaiweka mu limites de l'étude, mipaka ya utafiti, aya moja, ukurasa wa mwisho kabisa. Hapo umesema ukweli. Hakuna mutu atasema ulificha."

"Lakini jedwali lote ni..."

"Mademoiselle." Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, profesa aliondoa miwani, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo na ya mtu mzee. "Yangu ilikuwa juu ya bei ya kahawa. Nilikuwa na majina. Nilikuwa na majina mengi kuliko weye. Promoteur wangu, msimamizi wangu, aliniambia hivi ninavyokuambia. Nilibishana naye myaka tisa. Watoto wangu walikuwa wanafukuzwa shule." Akarudisha miwani. "Saa tisa dossier inaondoka. Aya moja."

Mapendo aliiandika aya ile palepale, juu ya goti, kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa na mistari saba. Ilikuwa aya bora kuliko zote alizowahi kuandika, na profesa alifuta miwili.

*

Alikaa Ulaya miezi kumi, akarudi, akatetea. Jury iliandika *grande distinction*. Baba na mama walikuja wamevaa kitenge kimoja na majirani kumi na wanne, na ilipotamkwa "Docteur" Maman Bintu alipiga vigelegele hadi appariteur, mlinzi wa ukumbi, akamwomba atoke. Benoît hakuwepo, alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Roho yake ilichoka mbele ya kesi kuanza, kama daktari alivyosema, na kesi haikuanza.

Nakala ya kwanza Mapendo alimpa baba yake. Mwalimu Anaclet aliisoma kwa miezi mitatu, kurasa nne kwa siku, kamusi ya Kifaransa upande mmoja na kalamu nyekundu upande wa pili. Hakupata makosa ya tahajia zaidi ya sita. Aliweka kitabu juu ya kabati, chini ya picha ya Benoît, na mgeni asingeweza kunywa maji katika nyumba ile kabla hajakishika.

Mvua za mwaka uliofuata zilichukua nyumba saba za chini kwa asubuhi moja. Hapo ndipo tume ikaundwa ya kuhamisha watu, na tume ikatafuta mtaalamu, na mtaalamu wa miteremko ya Bukavu alikuwa mmoja tu. Mapendo alikubali siku hiyo hiyo. Alikuwa na matumaini makubwa: aliyepotoshwa na muuzaji angepewa kiwanja kingine, mahali tambarare, na mabati ishirini. Aliyejua hatari akakaa kwa hiari yake angepewa barua ya kuhama katika siku thelathini. Lilikuwa swali la saba kwenye fiche mpya, na lilikuwa linamgoja kila mtu wa Avenue Kahwa aseme hatimaye kile alichokijua.

Usiku wa kuamkia siku ile alimpigia baba yake simu kutoka chumba alichopanga karibu na chuo. "Papa, kesho tunafika kwenu. Benoît amekufa, hakuna wa kuogopa. Ujibu muzuri, papa. Tafazali."

"Usiwe na wasiwasi," Mwalimu akasema. "Nitajibu muzuri sana. Na majirani nimekwisha kubaambia."

Laini ilikatika kabla Mapendo hajauliza amewaambia nini. Alijiambia kwamba safari hii amewaambia vyema.

Walipanda asubuhi, Mapendo na wakala wa tume aliyeitwa Guylain, kijana mchangamfu mwenye tablette na gileti ya rangi ya chungwa. Mapendo naye alikuwa na gileti kama hiyo. Nyumba tano za kwanza zilijibu kitu kimoja. Maman Bintu aliwatazama wote wawili machoni, akasema bila kukwama: "Muuzaji hakutuficha kitu. Sisi wenyewe tulikuwa bakaidi," kisha akamkonyeza Mapendo kama watu wenye siri tamu.

Kwenye nyumba ya sita, ya kwao, Mwalimu Anaclet alikuwa mlangoni tayari, amevaa koti. Aliwakaribisha kwa mikono miwili, akampa Guylain kiti kizuri. Juu ya meza kitabu kilikuwa wazi, na mstari mwekundu ulikuwa umepita chini ya sentensi moja katika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mapendo hakuhitaji kuinama kuisoma. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri, usiku mmoja wa theluji: wakazi hawachukui hatua yoyote ya kupima wala kufuatilia hatari inayowakabili.

Akageuka kutazama ukuta.

Vipande vya karatasi havikuwepo. Hata kimoja. Ufa ulikuwa umepanuka hadi mkono wa mtoto ungeingia, na kuvuka ufa huo, kutoka juu ya dirisha hadi sakafuni, ilibaki mistari ya gundi, imekwanguliwa kwa kisu na kupanguswa kwa maji, myeupe kuliko rangi ya ukuta.

"Swali la saba," Guylain akasema. "Muzee, wakati unanunua kiwanja, muuzaji alikuficha kitu?"

"Hapana. Hakutuficha kitu."

"Benoît!" Maman Godelive akapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake. Alikuwa amevuta miguu yote miwili chini ya kigoda, mbali na kiatu cha mumewe. "Benoît alisema udongo ni muzuri! Andika! Alisema hapa hapa, amesimama pale!"

Guylain akatazama tablette, kisha akamtazama Mapendo kwa heshima. "Docteur, inakubali jibu moja tu. Ya chef de ménage, mukubwa wa nyumba. Ni protocole yako."

"Ni yangu," Mapendo akasema.

"Na uliwahi kupima hatari kwa namna yoyote, muzee?"

"Hatukupima kitu," Mwalimu Anaclet akasema kwa sauti ya darasani. "Tulijua, tukakaa. Ilikuwa ukaidi wetu wenyewe, na mapenzi ya Mungu."

Guylain akabonyeza, akatabasamu. "Iko sawa kabisa na kitabu, Docteur. Ningekuwa na nyumba zote kama hii, tungemaliza saa sita." Akatoka kwenda kubandika namba mlangoni.

Maman Godelive alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Mapendo alibaki katikati ya sebule, kalamu mkononi, gileti ikimbana kifuani. Baba yake akamsogelea. Akanyoosha kola ya gileti ile, kama alivyokuwa akinyoosha kola ya sare yake mlangoni mwa shule, akainama karibu na sikio lake ili mgeni asisikie. Ndani ya macho yake mlikuwa na wasiwasi mdogo, wa mtoto aliyerudi kukaa baada ya kuitwa ubaoni.

"Nimejibu muzuri?"